Ghorofa 20 katikati ya nyumba zetu?
Jana kwenye kikao cha mtaa tumebishana kweli kuhusu hilo jengo la apatimenti wanalotaka kujenga hapa mtaani, mi sipingi ghorofa jamani, watu wanahitaji pa kuishi, ila ghorofa 20 katikati ya nyumba za ghorofa mbili mbili hapana. Pigeni hesabu, kila ghorofa mita 3, jumla mita 60, jua likishuka hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi kivuli kinapita mita 100, yani nyumba zote za nyuma zinakosa jua mapema. Na upepo ukigonga ukuta mrefu vile unashuka chini kwa wapita njia. Jamaa wa mradi katuonyesha picha yenye miti mizuri, nikamuuliza bomba la majitaka ni lilelile la zamani? Akaruka swali. Wapunguze zibaki 8, nasaini hata leo.