Pantheon: Fuata Uzito Unakoshukia

Chora duara lenye upana wa sentimita 8.7, karibu sawa na mdomo wa kikombe cha chai. Kila sentimita 1 ihesabu kuwa mita 5. Hilo ndilo tumbo la Pantheon ya Roma, hekalu la enzi za Kaisari Hadrian, miaka ya 120: upana wa mita 43.3, na kimo kicho hicho kutoka sakafuni hadi kwenye tundu lililo wazi juu ya kuba, yaani paa lake la mviringo. Mpira mzima wa upana huo ungeenea humo.

Sasa ongeza unene. Ukuta unaobeba kuba una takriban mita 6, yaani sentimita 1.2 kwenye mchoro wako. Kando ya tundu, zege limebaki mita 1.2 hivi: milimita mbili na ushei. Mstari huo unaokonda ukipanda ndio uzuri wenyewe, kuliko hata ule mwali wa jua ambao kila mgeni hukimbilia kuupiga picha.

Fundi yeyote wa mjengo hapa Nairobi atauliza vyuma viko wapi. Havimo. Zege hustahimili kukandamizwa, lakini likivutwa hupasuka, ndiyo maana slabu zetu huwekewa vyuma upande wa chini. Warumi walitegemea uzito. Walichanganya chokaa na jivu la volkano, kisha wakabadilisha kokoto kadiri walivyopanda: mawe mazito kwenye msingi, vipande vya matofali kwenye kiuno, na juu kabisa jiwe jepesi lenye vitundu, la jamii ya lile tunalosugulia visigino.

Na bado lilipasuka. Mguu wa kuba hutaka kutanuka, kwa hiyo nyufa za wima zilipanda kutoka chini. Halikuanguka kwa sababu vipande hivyo huegemeana kama matao, vikabanana kwenye pete inayozunguka tundu, huku ngazi nene za zege kwa nje zikiukandamiza mguu. Mvua huingia, sakafu imeinuka kidogo katikati ili maji yakimbilie vitobo vya kuyapitisha.

Nguzo za mbele ni granaiti ya Misri, kila moja jiwe moja la karibu mita 12. Maktaba ya McMillan pale Mtaa wa Banda, iliyofunguliwa 1931, ina baraza ya mbele yenye nguzo za ukoo huo. Ukipita, sogea karibu utafute maungio kwenye jiwe, uone kama nazo ni jiwe moja moja.