Asubuhi barua, usiku moto

Nilipoanza kazi posta, mji wetu ulikuwa mdogo kiasi kwamba barua yenye jina tu ilimfikia mwenyewe. Nyumba zikaongezeka, mitaa ikapewa majina, na rafu ya kuchambulia barua ikaongezwa visanduku mpaka ikakaribia dari. Niliipenda sana ile kazi ya alfajiri: kugonga muhuri wa tarehe juu ya stempu, kupanga barua kwa kufuata njia nitakayopita, na zile za rejista kuziweka kando maana lazima mpokeaji atie saini.

Jioni nilikuwa zimamoto wa kujitolea. King'ora kikilia, unaacha chochote ulichoshika. Na kule posta kulitusaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nilijua nani hawezi kutembea na uchochoro upi gari halipiti.

Usiku mmoja moshi ulikuwa mzito, tukaingia kwa kutambaa, kwani karibu na sakafu ndiko moshi unakopungua. Nikagusa mlango wa chumba kwa mgongo wa kiganja. Haukuwa na joto, tukafungua. Mzee wa watu alikuwa amekaa kitandani, amebana taulo bichi chini ya mlango. Asubuhi ileile nilikuwa nimempelekea barua ya mwanawe. Alinitambua kwa sauti, akaniita jina kabla hajaniona uso.

Wenzangu tulioshikiana mpira wa maji, nawakumbuka nyote. Kama upo humu, nisalimie tafadhali.