Tarakimu moja tu, jamani

Siku tatu nimekuwa nailaumu diski. Leo nimeiomba radhi.

Msimbo wangu wa mfumo wa faili (programu inayopanga faili kwenye diski) ulitakiwa kuunganisha bloku, yaani vipande vya data, zinazofuatana, ziandikwe kwa mkupuo mmoja.
Faili la MB 1, bloku za KB 4: maombi 256 ya kuandika yakawa yanakwenda moja moja, kama mtu anayehamisha tofali moja moja na toroli liko pembeni.

Kumbe nilikuwa naangalia kama bloku inayofuata inaanzia sekta (kijisehemu kidogo cha diski) ya mwanzo wa bloku iliyotangulia + 1.
Bloku yenyewe ina sekta 8 za baiti 512!
Majirani wote wakaonekana wageni.

Nikafuta 1, nikaandika 8.
Kwenye logi, inayoorodhesha kila ombi kwa mstari wake, ukatokea mstari mmoja. Mmoja! Nimeukodolea macho mpaka skrini ikazima.

Nyie tarakimu gani imewahi kuwatesa?