Ghali wapi?

Wiki yangu ya kwanza Guangzhou, China, kule mtaa wa Xiaobei, nilishika kiatu cha mtoto nikamwambia mama muuzaji bei iko juu. Akanitolea macho, akanijibu kwa Kikantoni, Kichina cha huko: "Bin dou gwai a?" Nilikuwa nimeshakariri kwamba *bin dou* ni "wapi" na *gwai* ni "ghali". Basi mimi na akili zangu nikamwonyesha namba kwenye kikokotoo: hapa, mama! Duka zima likaangua kicheko.

Kumbe hakuuliza mahali. Alikuwa ananiambia si ghali hata kidogo. Aibu zaidi ni kwamba hata sisi tunasema hivyohivyo kila siku. "Umeshalipwa?" "Wapi bwana!"

Tangu hapo maswali ya aina hii, ya kukataa kwa kuuliza, nayaokota tu. *Bin yau*, "iko wapi", ndiyo "sikufanya, unanisingizia". *Dim wui*, "itakuwaje", yaani haiwezekani. Ninachokipenda kuliko vyote ni kile ki-*me* cha mwishoni mwa sentensi, kinachotamkwa kwa toni ya juu: "Nei m ji me?" Kwani hujui? Ukikisikia kutoka kwa yule mama wa viatu, toa hela uondoke.