Kabla ya kuliamini jibu hasi

Tanga, masika

Masika yakishika Tanga, homa huwa nyingi, na karibu kila homa hudhaniwa malaria kwanza. Mlipuko wa kidingapopo (homa ya dengue) wa 2019 uliogusa Dar es Salaam na Tanga ulionyesha kwa nini kipimo cha PCR cha kirusi hiki, kinachorudufisha vinasaba vyake mzunguko baada ya mzunguko hadi vionekane, si anasa.

Kuchagua praima, vipande vifupi vya vinasaba vinavyokitafuta kirusi, si kazi ngumu sana: zinase aina zote nne za kidingapopo, zisinase zika wala homa ya manjano, ambavyo ni virusi vya ukoo mmoja nacho. Kinachosumbua ni damu yenyewe.

Damu ichukuliwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Ya kijani ina heparini, na heparini hukizuia kimeng'enya kinachofanya kazi ya PCR. Himoglobini hufanya hivyohivyo, na pia alkoholi ya kuoshea ikibaki kwenye RNA (vinasaba vya kirusi) iliyovunwa kutoka damuni. Mtambo huandika hasi, mgonjwa anaumwa kweli. Kwa hiyo kila sampuli itiwe RNA ya kigeni ya kiasi kinachojulikana kabla ya uvunaji. RNA hiyo ya kigeni isipotokea, au ikichelewa mizunguko mitatu kuliko kawaida, jibu ni batili, msiandike hasi. Zimua RNA mara kumi, rudia. Mara nyingi kizuizi huisha nguvu.

Kingine ni unyevu wa pwani. Tyubu ya praima kavu ikifunguliwa ingali baridi, mvuke hugeuka maji humo ndani. Iache ifikie joto la chumba, izungushe kwenye sentrifuji unga utue chini, ndipo ufungue.

Kutafuta kiwango cha chini kinachonaswa, zimua kirusi ndani ya utegili (plazma, maji ya damu) wa watu wazima wa afya. Maji safi hukipamba kipimo kuliko uwezo wake. Kila hatua ya mara kumi isogeze mkunjo, yaani mstari wa mtambo unaopanda kirusi kikinaswa, mizunguko 3.3 hivi, kisha rudia kiwango cha mwisho mara 20, zitoke chanya angalau 19.

Siku ya homa iandikwe pia. Baada ya siku ya tano hivi kirusi hupungua damuni, hapo tafuta kingamwili za IgM, zile za mwanzo ambazo mwili hutengeneza dhidi yake.

Na kisima (tundu la sahani ya kipimo) cha maji matupu kikitoa mkunjo, hata kwenye mzunguko wa 38, majibu ya sahani nzima hayatoki, wodi isubiri hata ikilalamika.