Jeni niliyotaka kuitupa

Ijumaa, nikiwa nasafisha usomaji wa DNA ya mnyoo wangu, nusura nifute jeni yake halali nikidhani ni uchafu wa bakteria. Saa tano usiku, Tukuyu, mvua inapiga bati, kompyuta imebaki na chaji ya kuombea.

Mnyoo mwenyewe anaitwa Pratylenchus goodeyi. Kwa macho humwoni. Anaishi kwenye mizizi ya migomba ya sehemu za baridi kama huku kwetu Rungwe. Anatoboa kwa mdomo wake wa sindano, anapita ndani huku anakula, mzizi unabaki na mabaka yanayoishia kuwa meusi. Upepo kidogo tu, mgomba wenye mkungu uko chini. Mama anasema ni fuko. Nimeshachoka kubishana naye.

Kuwapata si kazi. Naosha mizizi, naikatakata, naitandaza juu ya tishu ndani ya chujio la chai, chujio linakaa kwenye sahani ya maji. Baada ya siku mbili walio hai wameshuka wenyewe majini. (Chujio ni la mama. Asiambiwe.)

Ugumu uko kwenye DNA. Mnyoo mmoja anatoa chembe tu, kwa hiyo unakusanya maelfu, nao hawaji peke yao: wanakuja na bakteria, ukungu, hata mgomba wenyewe. Mashine haichagui, inasoma vyote. Kisha unakaa kwenye kompyuta kupepeta, kama mchele wa Kyela, chuya huku, mchele huku. Hata ukubwa wa kutarajia huwezi kuutegemea sana: C. elegans, mnyoo maarufu wa maabara na mnyama wa kwanza kusomwa jenomu, yaani DNA yake yote, mwaka 1998, ana herufi za DNA kama milioni 100. Pratylenchus coffeae, ndugu wa huyu wangu, ana kama milioni 20 tu.

Sasa ile jeni. Ni ya kimeng'enya kinachovunja selulosi, yaani kuta za seli za mmea. Nikailinganisha na hifadhidata, majina mengi yaliyokuja juu yakawa ya bakteria. Chuya, nikasema. Nikaiweka kwenye orodha ya kufutwa.

Kilichonizuia ni usomaji wa RNA, yaani nakala ambayo seli inaitoa kwenye jeni ili itengeneze protini. Nilipoulaza juu ya DNA, ulikuwa unaruka sehemu mbili katikati ya jeni. Zile ni introni, vipande vinavyokatwa kabla protini haijatengenezwa, na jeni ya bakteria ya aina hiyo haina kitu kama hicho. Nikasogea kushoto kwenye DNA hiyohiyo: jeni ya kawaida ya minyoo. Kulia: vilevile. Mgeni hawezi kukaa katikati ya ukoo namna hiyo. Hapo ndipo nilipokumbuka nilichofundishwa darasani nikakipuuza: mababu wa minyoo hawa waliokota jeni hizo kwa bakteria zamani sana, wakazifanya zao. Kwenye minyoo wa mizizi ya viazi ziliripotiwa mwaka huohuo wa 1998.

Programu ya kutafuta jeni nayo ilikuwa imeikata jeni hiyo vipande viwili, kila nusu na jina lake. Nikaiunganisha kwa mkono, nikaandika inapoanzia na inapoishia, umeme ukakatika. Bahati nilikuwa nimehifadhi.

Sasa narudia orodha nzima ya kufutwa, moja moja. Nimefika ya kumi na moja, na mama ameanza kuulizia chujio.