Faili la SARL baada ya siku ya usajili

Wateja wengi wanaoniletea mafaili ya SARL zao (kampuni zenye dhima yenye kikomo) hapa Lubumbashi wana mambo matatu yaliyopangwa vizuri: statuti (katiba ya kampuni), cheti cha RCCM (rejista ya biashara) na namba ya kodi. Kuanzia hapo faili huwa tupu, mpaka siku ambayo kampuni ya mgodi huko Kolwezi au Likasi inaomba dosia kamili kabla ya kutia sahihi mkataba. Ndipo PV, yaani kumbukumbu za mikutano, za miaka kadhaa zinaandikwa usiku mmoja, kwa kalamu moja, na muhuri unapigwa juu ya kila ukurasa kana kwamba muhuri ndio unaoifanya karatasi kuwa ya kweli.

Sheria inayotuhusu ni ile ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo ilianza kutumika nchini mwetu Kongo tarehe 12 Septemba 2012, na Sheria yake ya Pamoja kuhusu makampuni ilirekebishwa mwaka 2014. Haiombi mambo mengi kwa SARL ndogo. Inaomba kwamba wanahisa wakutane angalau mara moja kwa mwaka, ndani ya miezi sita baada ya hesabu kufungwa, yaani kabla ya mwisho wa Juni kwa wanaofunga tarehe 31 Desemba. Kwamba waitwe siku 15 kabla, wakiwa na hesabu na ripoti ya jeranti (msimamizi wa kampuni) mikononi. Na kwamba hesabu zilizokubaliwa ziwekwe kwenye RCCM, katika grefe (ofisi ya karani) ya mahakama ya biashara, ndani ya mwezi mmoja. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, hata na wahasibu wazuri.

PV yenyewe si barua ya sifa. Inataja tarehe na mahali, majina ya waliokuwepo na idadi ya hisa za kila mmoja, nyaraka zilizowekwa mezani, muhtasari wa mazungumzo, maneno kamili ya kila azimio na matokeo ya kura, kisha sahihi. Niliwahi kusoma PV ya kampuni moja ya familia, iliyoandikwa kwa Kifaransa kizuri sana, ambamo kaka mkubwa alihesabiwa kati ya waliohudhuria na waliopiga kura. Alikuwa amekwisha kuzikwa kabla ya tarehe hiyo. Aliyeiandika alinakili ya mwaka uliotangulia na kubadilisha tarakimu tu. Lakini wajane na watoto walipoanza kugawana hisa, karatasi hiyo ndiyo iliyowapa mawakili wa pande zote mbili neno la kuanzia, na tangu hapo hakuna PV hata moja ya kampuni ile iliyoaminiwa, hata zile zilizokuwa za kweli.

Jambo jingine ambalo watu hulipita haraka ni muda wa jeranti. Statuti zikinyamaza, yeye huteuliwa kwa miaka minne, na anaweza kuchaguliwa tena. Mzee aliyeanzisha kampuni anajiona jeranti wa maisha, jambo ambalo mkewe, watoto na wafanyakazi hawalipingi. Benki, lakini, inaweza kulipinga siku anapotaka mkopo, kwa sababu inaangalia uteuzi wa mwisho ulioandikwa, haiangalii heshima.

Kuhusu hisa, mauzo ya mdomo mbele ya wazee hayatoshi, hata kama pesa zilihesabiwa wazi. Mkataba lazima uwe wa maandishi. Ili kampuni iutambue, njia rahisi ni kuweka nakala yake asilia kwenye makao ya kampuni na jeranti kutoa hati ya kuipokea. Kwa watu wengine, unahesabika baada ya kutangazwa kwenye RCCM. Kwa wanaofanya kazi na migodi jambo hili limekuwa zito zaidi tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo, kwa kuwa kazi hizo zimetengwa kwa makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Ikiwa hisa zilihama bila maandishi, utaionyesha nini ARSP, mamlaka inayosimamia ukandarasi huo, ikiuliza nani ana nini?

Matamko ya kila mwezi ya kodi na ya CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) sitayaeleza hapa, maana mhasibu wenu anayajua. Nitaongeza tu kwamba vitabu vya hesabu na vithibitisho vyake vinatunzwa miaka 10, na kwamba sanduku la kadi chini ya bati linalovuja mwezi wa Januari si mahali pa kuvitunza.

Kwa ambao muda wa jeranti wao umekwisha bila wao kutambua: msirudishe tarehe nyuma. Iteni mkutano leo kwa kufuata zile siku 15, mteueni upya, andikeni PV yenye tarehe ya kweli, na mpeleke badiliko hilo kwenye RCCM ndani ya siku 30.